Chupa Iliyozibwa Pamba

Mwanangu Neema,

Nakuandikia kutoka jikoni kwa nzi. Nimekalia ndoo niliyoipindua, na sufuria ya chakula chao iko hapa mbele yangu inapoa. Mpaka ipoe nina nafasi. Naandika herufi kubwa kubwa ili macho yako yasihangaike, kwa hivyo ukiona karatasi ni nyingi usidhani baba yako amekuwa msemaji.

Mambo ya kofia, mafuta ya ngozi na kukaa dawati la mbele, mama yako ameshakwambia mpaka ukamwambia, "Mama, basi." Mimi siyarudii. Mimi kuna swali uliniuliza Jumapili, na kesho unaondoka, na sitaki upande gari nalo.

Tulikuwa njiani tunatoka kwa hawe yako. Mama yako ametangulia mbele, hageuki nyuma. Ukaniuliza, "Baba, kweli mimi ni wako?" Mimi nikakwambia, "Twende, jua kali."

Mtoto ananiuliza kama mimi ni babake, namjibu habari za jua.

Tangu Jumapili hiyo nimekasirika, na mimi sijazoea kukasirika, sijui hata mikono niiweke wapi. Huku Kilifi nimevunja chupa mbili wiki hii. Wenzangu wananiuliza, "Charo, unaumwa?" Nasema hapana. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Hebu nianze na Jumapili yenyewe. Tulikwenda kwa hawe kukuagia, maana mtoto haendi shule ya mbali bila kupita kwa mama wa babake akaombewa. Watu wamekaa mkekani, wamekunywa chai, na shangazi yako Kadzo akaona wamechangamka vya kutosha. Akasema, "Tumuombee huyu mtoto afike salama. Na huko bara akikutana na Waitaliano wenzake, awape salamu zetu."

Watu wakacheka. Mmoja akamwambia, "We Kadzo, mdomo wako huo."

"Kwani nimesema uongo?" akasema. "Mamake si alikuwa anatandika vitanda hotelini kwao? Na Charo mwenyewe si anafanya kazi kwa hao watu wa kupima? Ampeleke basi, tujue tunaaga mtoto wa nani."

Mama yako aliweka kikombe chini, akainuka, akaenda kusimama kando ya ua. Wewe ulikuwa umeshika sahani, uso wako umeinama. Na hawe yako, mama yangu mimi, alikuwa pale pale anachambua mchicha, jani kwa jani, kama yuko peke yake. Mimi niliangalia miguu yangu. Kulikuwa na kuku anadonoa karibu na viatu vyangu, nikamfukuza. Kuku nilimweza. Kadzo sikumweza.

Hiyo si mara ya kwanza. Unajua kwetu binti wa kwanza anachukua jina la mama wa babake. Ulipozaliwa nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, nikaenda kwa mama yangu na furaha yangu nimwambie jina lake limepata mtu. Alikuja, akafunua kanga akakutazama, akakufunika tena. Akasema, "Jina langu mimi lina mwenyewe. Huyu mtafutieni lingine." Mama yako akakupa Neema, na ni jina zuri, mimi nalipenda. Lakini ulipewa kwa sababu mlango mwingine ulifungwa, na mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na sikusukuma.

Haya mambo ya kunyamaza nimekuwa nayo tangu mdogo. Darasa la sita mwalimu alinisimamisha nisome mbele ya wenzangu, sauti ikagoma, darasa zima likacheka. Kesho yake sikwenda, na kesho kutwa. Hakuna aliyekuja kuniuliza mbona nimeishia katikati. Nikawa mtu wa kuangalia tu. Nimeona mengi, mwanangu, lakini kuona bila kusema kunafanana sana na kutokuona.

Sasa nikwambie nilichokiona hapa kazini.

Unajua nawapikia nzi, wale wadogo wanaofuata papai lililoiva. Ni uji mzito, unga wa mahindi, hamira, sukari guru, na unga wa mwani wa kuugandisha. Namimina kwenye chupa, nzi wanatiwa, naziba kwa pamba. Daktari Wanza, yule dada wa Kikamba niliyekwambia anakula muhogo mbichi ofisini, ndiye mwenye nzi.

Nilipoanza kazi niliwahurumia. Niliona pamba ikikazwa sana watakosa hewa, basi nikawa nailegeza. Siku moja akaja na chupa mkononi.

"Charo, hizi nani aliziziba?"

"Mimi, daktari."

"Mbona pamba imelegea hivi?"

"Niliona wanakosa hewa."

Akacheka mpaka akaegemea meza. "Kaka, pamba inapitisha hewa. Wewe umewafungulia wageni. Njoo uone."

Akanionyesha kwenye kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Chupa ile ilikuwa ya nzi wenye macho yaliyopauka, wote, wazazi na watoto. Nzi wa kawaida macho yake ni mekundu ya kukolea kama matofali. Sasa mle ndani watoto wapya walikuwa wametoka macho mekundu. "Hawa baba yao ametoka nje," akaniambia. "Ameingia kwa huruma yako."

Neema, soma hapo mara mbili. Mgeni aliingia, na watoto wake hawakutoka waliopauka. Walitoka wa kawaida.

Siku hiyo nilicheka naye, haikuniingia. Iliniingia baadaye, nilipokuwa naosha meza yake akanipa chupa nyingine nimshikie. Nikachungulia. Baba macho mekundu, mama macho mekundu, na kati ya watoto wengi wekundu kuna wachache macho yamepauka.

Nikamuuliza, "Na hii nayo ameingia mgeni?"

"Hii hapana. Hii niliiziba mimi, sio wewe."

"Sasa hawa waliopauka wametoka wapi?"

"Kwa baba na mama. Kila mmoja ana alama moja imejificha ndani yake, hata mwenyewe haijui, maana macho yake ni mekundu kama ya wengine. Mtoto akipata alama ya baba peke yake, mekundu. Akipata ya mama peke yake, mekundu. Akipata zote mbili, ndiyo hivi. Lazima zitoke pande zote mbili."

Niliweka chupa mezani polepole. Nikamwambia, "Daktari, mimi nina binti." Nikamweleza ngozi yako, nywele zako, macho yako. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu, hata mama yako alipokubali kuolewa sikusema mengi hivyo. Nilipomaliza nikaona haya, nikamuuliza kwa hasira, "Kwa hivyo mwanangu ni nzi?"

Akasema, "Hapana, kaka. Hata mimi nina hizo alama zangu zilizojificha, za mambo mengine. Kila mtu anazo. Kaa nikueleze."

Alinieleza hivi. Kila sehemu ya mwili ina chumba, na chumbani kuna maagizo yote ya kutengeneza mtu au nzi. Maagizo yenyewe hayatoki. Kikitakiwa kitu, inaandikwa nakala. Nakala inatoka ndefu, ina vipande visivyo na kazi, basi inakatwa humo humo chumbani na kuungwa. Nilimwambia ni kama hawe yako na ukili wake wa mikeka, anasuka mrefu, penye ubovu anakata, anashona. Akasema, "Hivyo hivyo." Ikishashonwa inatolewa mlangoni, na huko nje ndiko kuna wasomaji. Wanaisoma kuanzia mwanzo mpaka wakute neno la mwisho, ndipo wanaachia kazi imekamilika.

Akachukua kalamu akaandika: Charo, pika uji, tia chupani, ziba pamba, mwisho. "Soma." Nikasoma. Kisha akaandika: Charo, pika, mwisho. "Soma hii. Utafanya nini?"

"Nitapika."

"Utapika nini? Utatia wapi?"

Nikageuza karatasi, nyuma hamna kitu. Akasema, "Ndiyo alama yenyewe kwa hawa nzi wangu. Neno la mwisho limeingia katikati. Na mwili ukigundua nakala ya namna hiyo unaichana, usije ukatengeneza nusu kitu kikaharibu vingine."

Akasema ya kwako hajui ni ya namna gani. Kwa wengine ni hilo neno, kwa wengine ni kipande kimedondoka. Lakini sheria ya pande mbili ni ile ile. Na akasema neno ambalo nataka uende nalo: "Kwa binti yako ni ujumbe mmoja tu haukufika, wa rangi, na hiyo rangi macho pia yalikuwa yakiihitaji. Mengine yote yalisomwa mpaka mwisho."

Kisha akanieleza kile wanachokitafuta hasa na hawa nzi. Wasomaji wako nje ya mlango, sivyo? Ndani ni kuandika, kukata na kushona tu. Lakini wameona nakala zenye mwisho katikati, nyingine hata hazishonwi vizuri. Zinarundikana mle mle chumbani zilimoandikwa, mbichi, hazijatoka.

Nikamuuliza, "Sasa humo ndani nani amezisoma, mpaka zikajulikana zina ubovu?"

"Hilo ndilo tunagombania. Wengine wanasema ndani pia kuna kusoma. Wengine ukiwaambia hivyo wanainuka mezani."

"Na wewe?"

"Mimi nahesabu nzi, Charo. Bado nahesabu."

Niliporudi jikoni nikakuta uji umeungua, nikaumwaga. Nilikuwa nimekasirika na watu ambao hawakuwapo. Nzi, kidudu cha kupiga na kanga, watu waliosoma wanakesha wakiuliza ni nani aliyemhukumu kabla hajasomwa. Wewe ulifunuliwa kanga mara moja ukafunikwa, na ukoo mzima haukuuliza kitu. Ulihukumiwa chumbani kabla hujatolewa mlangoni.

Ngoja, bado sijafika.

Daktari alisema pande zote mbili. Basi na upande wangu pia. Nikaanza kufikiria nyumbani kwetu. Tangu niko mdogo nilikuwa namuona mama yangu akifagia mahali nyuma ya ghala, kiraka kidogo tu, hakuna mti, hakuna jiwe. Ua mzima atamwachia Kadzo, pale anafagia mwenyewe. Nilikuwa naona, na kama kawaida yangu sikuuliza. Mwaka huu, kabla ya mvua, nilikwenda nikamkuta peke yake.

"Mama, pale nyuma ya ghala pamelala nani?"

"Nani amekwambia pamelala mtu?"

"Hakuna. Nimekuona unavyofagia."

Nikadhani ataniinukia. Akasema, "Dada yako. Wa kwanza. Kabla ya Kadzo."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa mweupe. Nywele kama nyuzi za mkonge." Halafu akasema, "Nilikuwa nakata mkonge wakati ule. Wakasema ni wa Mzungu wa shamba."

"Na baba alisemaje?"

"Babako hakusema kitu. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Mtoto akashikwa na homa, nikaomba wanisaidie kumpeleka hospitali, kila mtu akawa na kazi."

Akaniomba nisimwambie Kadzo, wala mtu mwingine. Nikakubali. Leo nakwambia wewe. Siri hiyo ina haki zaidi ya kukufikia kuliko ya kufichwa, maana ni damu yako imelala pale. Angeishi, ungekuwa na shangazi mwingine, anayefanana nawe, angekufundisha yeye mambo ya kofia.

Kwa hivyo hawe yako anajua. Alijua siku ile alipofunua kanga. Alijua Jumapili akichambua mchicha. Mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na bado anakaa anaangalia birika likimiminwa juu ya mwingine. Nimejaribu kumuelewa. Najua anaogopa, akikukubali wewe itabidi aseme habari za yule, na aseme kwamba walimuonea, na wote waliomuonea ameshawazika kwa heshima. Naelewa. Na bado nimekasirika. Mtu anaweza kuelewa jambo na lisimpoe.

Na mama yako, Neema. Miaka yote anapika viazi karai hapo kwetu Muyeye, watu wanakula wanamwambia, "Leta na kachumbari, mama Muitaliano," na anawapa na kachumbari. Hajawahi kuniambia, "Charo, sema kitu." Ningeambiwa ningepata pa kujitetea. Alininyima hata hilo, na nadhani ni kwa sababu alikuwa anangoja lije lenyewe.

Kadzo anataka upimwe. Daktari nilimuuliza, akaniambia vipimo hivyo viko, na akaniambia pia kwamba habari ya chupa si hakika kamili kwa binadamu, mgeni naye kwa nadra anaweza kuwa na alama kama hiyo. Nakwambia ukweli wote, sikupunguzii. Lakini sikupeleki. Siogopi jibu. Mtoto hatolewi damu ili shangazi yake apate usingizi. Wamekutazama kama kitu cha chupani tangu uzaliwe, mimi sitakuwa wa kukaza pamba.

Mimi uhakika wangu nilikuwa nao kabla ya nzi. Ulipokuwa huwezi hata kukaa, jirani wakija kukuchungulia, ulikuwa unaficha kidole gumba ndani ya ngumi. Mpaka leo. Ukiitwa mbele ya watu, kidole gumba kinaingia ngumini. Jumapili kilikuwa ndani, chini ya sahani, nilikiona. Angalia mikono yangu siku yoyote nikiwa na watu. Hakuna aliyekufundisha, na mimi hakuna aliyenifundisha.

Hicho ndicho nilichokurithisha mimi, na kati ya alama zangu mbili, hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Ile nyingine itakuchoma jua tu, na jua lina kofia. Hii ya kunyamaza haina mafuta ya kupaka. Babangu alinyamaza, mtoto akafa. Mimi nimenyamaza, wewe umekua ukiuliza moyoni swali lililokuchukua miaka kumi na mitano kulitoa mdomoni. Lakini ulilitoa. Hapo umenipita. Mimi umri wako nilikuwa nimeshaacha shule kwa sababu ya kuchekwa. Usijifunze hilo kwangu. Huko unakokwenda watacheka, wacha wacheke, wewe malizia ukurasa.

Jioni nitakuwa Muyeye, na barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome kabla hatujakutana na watu. Kesho asubuhi, kabla ya gari, tutapita kwa hawe. Mama yako atakuja, nimeshamwambia kwa simu. Akauliza, "Tunakwenda kufanya nini tena kule?" Nikamwambia, "Kusema." Akasema, "Wewe?" Nikasikia anacheka, na kile kicheko nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

Kadzo atakuwepo, yeye hakosi. Nitabisha hodi. Nitasema, "Mama, Dama amekuja kukuaga." Hilo ndilo jina lako la kwetu, jina lake yeye, na simwombi. Neema utabaki nalo, ni la mama yako, usilitupe. Lakini pale mlangoni nitakuita lile. Akitoka akikutemea mate ya baraka, sawa. Asipotoka, tutazunguka nyuma ya ghala, utamuaga dada yangu, kisha tutaondoka, gari halingoji.

Najijua lakini. Nikifika pale ulimi unaweza ukanikwama. Wewe simama upande wangu wa kulia. Ukiona nimenyamaza, ushike mkono wangu, ufungue ngumi, unitoe kidole gumba. Nitasema.

Sufuria imepoa. Uliuliza wewe ni wa nani.

Ni wangu.

Baba yako,
Charo